Injini Achague Nani, Mafuta Anunue Nani?

Ndugu wanachama, katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za mishahara, saa za kazi na watu waliofukuzwa bila notisi. Safari hii tunaandika habari za injini. Msishangae, maana shauri hili lilianza kama mashauri mengine yanavyoanza. Asubuhi moja mwaka 2024 dereva mwenzetu alifika katika ofisi ya tawi letu hapa Mbarara, kofia mkononi, akasema tajiri wake anamdai injini. Injini nzima.

Gari lenyewe ni Hiace ya umbo la zamani, ya abiria 14, inayokwenda Kabale na kurudi kila siku. Injini yake ilikufa mlimani, siku ya soko, gari limejaa. Mshale wa joto ulipanda, maji yakachemka, na kabla dereva hajapata mahali pa kuegesha, injini ikagonga kama nyundo mara tatu nne, kisha ikanyamaza. Abiria wakashuka na kudai nauli zao. Kondakta akawarudishia. Gari likavutwa kwa kamba hadi gereji. Tajiri alipofika alisema neno moja tu: "Umeiua, utailipa." Kisha akapiga hesabu ya kumkata dereva kila wiki mpaka bei ya injini itimie. Tulipoihesabu sisi wenyewe kwa kalamu, tuliona angelipa kwa miaka 2.

Kwa wasomaji wetu wa viwandani na mashambani wasiojua kazi ya barabarani, tueleze kidogo. Dereva wa gari la abiria hana mshahara. Asubuhi anachukua gari, jioni anampelekea mwenye gari fedha iliyopangwa, nayo huitwa hesabu. Mafuta ananunua yeye, kutoka katika nauli. Ada ya stendi anatoa yeye. Kondakta analipwa humo humo. Kinachobaki baada ya hayo ndicho chake, na siku nyingine hakibaki kitu. Matengenezo makubwa ni ya mwenye gari, lakini hilo nalo ni la mdomo tu, kwa kuwa mikataba ya maandishi katika kazi hii ni ya kutafuta kwa tochi.

Lishikeni hilo la mafuta. Ndilo shauri lenyewe.

NANI ALIIUA INJINI?

Hatukuanza kwa kumtetea dereva. Tulianza kwa kutafuta fundi ambaye si wa tajiri wala si wa dereva. Tulimpata mzee mmoja aliyestaafu kutoka karakana ya serikali, mtu wa maneno machache. Akaomba rejeta iletwe, akaikata tangi la juu mbele yetu sote. Zaidi ya nusu ya vijibomba vyake vilikuwa vimezibwa na tope jekundu la kutu. Tena thamostati haikuwepo. Fundi fulani wa zamani aliiondoa, akidhani injini itapoa zaidi. Mafundi wengi wanaamini hivyo, na mzee akatueleza kwa nini wanakosea: katika injini hizi za Toyota, thamostati ikitolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kupitia rejeta. Basi maji moto yanazunguka tu yakiwa moto.

Kutu ilitoka wapi? Mwaka 2020, usafiri wa abiria ulipozuiwa kwa ajili ya korona, na wilaya za mpakani zikachelewa kufunguliwa kuliko nyingine, gari hili lilisimama uani miezi mingi likiwa na maji matupu ya bombani. Halikuwekwa dawa ya rejeta. Maji matupu yakikaa ndani ya chuma, chuma huliwa. Liliporudi kazini, kila maji yalipopungua lilikuwa linaongezewa maji ya mtaroni.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, hata usiotufaa. Dereva wetu alikuwa ameuona mshale ukipanda kwa muda wa wiki nzima, na aliendelea kuendesha. Tulimwambia mbele ya tajiri kwamba hilo ni kosa. Akajibu, "Nilimweleza mzee siku ya Jumatatu, akaniambia niongeze maji tu." Tukamgeukia tajiri. Hakukana. Alitazama ile rejeta iliyopasuliwa, akanyamaza.

Na tuseme jambo kuhusu neno hili tajiri. Barabarani kila mwenye gari huitwa tajiri, hata kama ana gari moja bovu. Huyu wetu ni mwalimu mstaafu aliyenunua gari kwa kiinua mgongo chake. Hana mradi mwingine. Tulipolijua hilo tuliacha kumsemea kwa ukali, lakini hatukuacha kudai. Baada ya vikao viwili vya jioni alikubali kwamba injini ni juu yake. Deni la miaka 2 likafutwa. Tukapeana mikono, tukadhani tumemaliza.

KUMBE BADO

Siku mbili baadaye dereva akarudi. Tajiri ameamua kuweka injini ya petroli, kwa sababu ameambiwa zinapatikana kwa bei ndogo. Gari lilikuwa la dizeli. Dereva hakuwa na neno la kusema, maana injini si yake. Alitaka tu tujue.

Tukaenda. Mwalimu alitupokea vizuri, akatupa chai, kisha akatuambia, "Ndugu zangu, chama chenu ni cha madereva. Si chama cha injini. Hii ni mali yangu." Kwa maneno ya sheria alisema kweli. Lakini tulimwuliza swali moja: mafuta ya injini hiyo atanunua nani?

Kabla ya kueleza alivyojibu, ni vizuri wanachama wajue uchaguzi uliokuwepo, kwa sababu magari ya namna hii bado ni mengi na injini zake zinakufa kila siku. Hiace ya umbo hili ilianza kutengenezwa mwaka 1989, na Japani ikaiachia nafasi ile mpya mwaka 2004. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu lilipotengenezwa. Kwa hiyo Hiace hizi za zamani haziji tena. Zilizopo ndizo zilizopo. Bodi inapigwa rangi, viti vinashonwa upya, na injini inabadilishwa, ya pili, ya tatu.

Injini iliyokufa ilikuwa 3L, dizeli ya cc 2,779. Njia ya kwanza ilikuwa kuifufua yenyewe: kuchimba silinda upya, kuweka pistoni na ringi kubwa zaidi, kusaga kranki, kutafuta hedi nyingine. Mzee wetu aliipima. Hedi ilikuwa imepasuka kati ya valvu katika silinda mbili, na silinda ya tatu ilikuwa imechimbwa na pistoni iliyoyeyuka ubavuni. Akasema, "Naweza kuifanya. Lakini nileteeni vipuri halisi, si boksi halisi." Maana siku hizi boksi linaweza kuwa zuri kuliko kilichomo. Pamoja na hayo kazi ingechukua wiki 3, na wiki 3 ni za njaa kwa watu wawili wanaolitegemea gari lile kwa chakula cha jioni. Tukaiacha njia hiyo. Kama bloku ingekuwa nzima na hedi nzima, tungesema vingine, kwa sababu injini uliyoifungua mwenyewe unaijua ndani yake.

Njia ya pili ni kununua iliyotumika. Injini hizi hung'olewa kwenye magari yaliyochakaa huko Japani, zinakuja kwa meli, nyingine zikipitia Dubai na Sharjah. Katika ukoo huu wa L kuna 2L ya cc 2,446, hiyo 3L, na 5L ya cc 2,986. Ni ndugu wa damu. Nyayo za kufungia zinakubali, giaboksi inakubali, pampu ya dizeli ni ya chuma tupu bila kompyuta, na fundi wa kijijini anaweza kuifungua bila kuogopa. Ukitoa 3L na kuweka 5L, jambo kubwa ni kuhamisha sampu na bomba la kunyonyea oili kutoka kwa ile ya zamani, kwa sababu sampu ya injini iliyotoka kwenye pikapu haifanani na ya Hiace.

Njia ya tatu ilikuwa 1KZ-TE, dizeli yenye tabo, ile ya kwenye Surf na Prado. Mwalimu ana shemeji anayeisifu. Kweli mlimani inapanda kama mbuzi, tena kwa nchi yetu ya juu tabo ina faida. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lakini 1KZ-TE inataka nyaya zake, kompyuta yake na pampu yake ya umeme, na hedi yake haina subira na joto. Kwa gari lililokwisha kuua injini moja kwa joto, tuliona ni kumpa mlevi funguo za baa. Mwalimu alicheka, akaacha.

Ya nne ndiyo ile petroli: 1RZ ya cc 1,998 au 2RZ ya cc 2,438. Tusiidhulumu. Ni nyepesi, haina makelele, inatumia cheni ya taiming badala ya mkanda, na asubuhi ya baridi ya Kabale inawaka mara moja wakati dizeli bado inakohoa. Kwa bei ya kununulia ilikuwa chini sana kuliko 5L. Lakini mzee wetu wa karakana alichukua karatasi akaandika vitu vya kununua zaidi ya injini: nyumba ya klachi, kwa sababu ya dizeli haikubali, nyayo mpya za kuchomelea, pampu ya petroli, koili na nyaya, bomba la ekzosi, tangi kusafishwa lote ili dizeli isibaki. Alipojumlisha, ile tofauti ya bei ikabaki ndogo. Mwalimu aliisoma karatasi ile mara mbili. Alikuwa ameambiwa bei ya injini, hakuambiwa bei ya kuihamisha.

Akaongeza jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Katika Hiace hii injini iko chini ya viti vya mbele. Dereva anaikalia, na abiria wawili wanaikalia pamoja naye. Dizeli ikivuja inachafua tu na kunuka. Petroli ikivuja juu ya ekzosi ya moto ni habari nyingine. Na tumeona kwa macho yetu, katika magari yaliyobadilishwa kienyeji, bomba la petroli limeungwa kwa mpira wa baiskeli na kufungwa kwa waya.

DAFTARI LA MADEREVA WAWILI

Sasa turudi kwenye swali letu: mafuta atanunua nani? Mwalimu alijibu, "Dereva, kama kawaida." Basi tukatoa madaftari.

Dereva wetu ana tabia nzuri ya kuandika lita anazojaza. Kutoka Mbarara hadi Kabale na kurudi ni kilomita kama 290. Kwa 3L, injini ikiwa nzima, alikuwa anatumia lita 29 kwa siku. Tukamwomba mwanachama mwingine, anayeendesha Hiace yenye 2RZ ya petroli katika barabara ile ile kwa abiria wale wale, naye atupe daftari lake. Lita 42. Tulitazama kurasa za miezi miwili, na hakuna siku iliyoshuka chini ya 40.

Mwalimu ni mtu wa shule kuliko sisi, akauliza kwa nini iwe hivyo, wakati injini yenyewe ni ndogo. Mzee akamweleza. Dizeli hubana hewa zaidi ya mara 20 kabla ya kuwaka, petroli hubana kama mara 9 tu. Ukibana sana, unapata kazi nyingi kutoka katika mafuta yale yale. Tena lita ya dizeli ni nzito kuliko lita ya petroli na ina joto zaidi ndani yake. Na dizeli huvuta ikiwa inazunguka polepole, ndiyo maana inapanda mlima ikiwa na mzigo bila kupiga kelele. Petroli hutaka kuzungushwa sana. Dereva analazimika kushika gia ya pili mlima mzima, na kila mzunguko unakunywa.

Tofauti ni lita 13 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni lita 325, yaani zaidi ya pipa moja na nusu kila mwezi. Bei ya petroli na ya dizeli kwenye pampu hazipishani sana, kwa hiyo hesabu ya lita inatosha. Lita 13 ni zaidi ya ujira wa kondakta wa siku nzima. Mwenye gari angeokoa fedha kidogo mara moja, siku ya kununua, na dereva na kondakta wangeilipa fedha hiyo kila siku ya Mungu mpaka gari lifikishwe kwa wauza chuma chakavu.

Mwalimu akasema, "Basi nitapunguza hesabu ya jioni."

Tukamwambia vizuri sana, tuandike. Tuandike kwamba kwa kuwa injini ni ya petroli, hesabu inapungua kwa bei ya lita 13. Tulikuwa na karatasi na kalamu ya chama mezani. Hapo akasita. Alikuna kidevu. Alisema tungoje kwanza tuone gari likienda. Tukamwuliza kwa upole, kama fedha hiyo anaweza kumwachia dereva, kwa nini asiitie katika injini ya dizeli ambayo itakuwa mali yake? Hakujibu siku ile. Kesho yake alipiga simu akasema twende Kampala pamoja kutafuta 5L.

Tusijisifu kupita kiasi. Kama mwenye gari angekuwa na magari 20 na wakili, simu hiyo isingepigwa.

KUNUNUA

Tulikwenda watu watano: mwalimu, dereva, mzee wa karakana, na sisi wawili wa tawi. Injini ya kwanza tuliyoonyeshwa iliitwa 3L. Kwa nje 2L na 3L zinafanana kama pacha, lakini alama imo katika chuma cha bloku chenyewe, ubavuni. Mzee akaifuta kwa kitambaa chenye dizeli, ikaonekana wazi: 2L. Muuzaji akasema kijana wake alikosea. Inawezekana.

Ya pili ilikuwa 5L kweli, safi, imepakwa rangi ya fedha. Rangi ile ilimtia mzee wasiwasi. "Injini iliyotoka baharini haivai suti," alisema. Alipofika mahali pa namba, akakuta pamesagwa kwa mashine na namba nyingine imegongwa juu. Hapo sisi wa chama ndio tulisema hapana, hata kama ingekuwa mpya. Injini ikibadilishwa, namba yake lazima iandikishwe upya katika kadi ya gari. Namba ikiwa na mashaka, anayesimamishwa kizuizini ni dereva. Mwenye gari yuko nyumbani. Tuna mwanachama aliyelala rumande usiku 2 kwa namba ambayo hakuigonga yeye.

Ya tatu ilikuwa chafu, imekauka matope ya huko ilikotoka. Mzee akaanza kazi. Alifungua kifuniko cha oili na kutazama kwa ndani: kama kuna utando kama maziwa, maji na oili vimekutana. Hapakuwa na kitu. Alitazama vichwa vya boliti za hedi kama vina alama za spana, maana injini iliyokwisha kufunguliwa ina hadithi ambayo muuzaji haisemi. Aliizungusha kwa mkono, mzunguko mzima, akisikiliza. Akaisukuma puli ya kranki mbele na nyuma kuona kama inacheza. Akafungua nati ya sampu, akachuja oili kwa kipande cha shati jeupe akitafuta vumbi la chuma linalong'aa. Kisha akaomba iwashwe pale pale chini, kwa betri na jerikeni la dizeli.

Ilitoa moshi mweupe kidogo, ukaisha. Moshi wa bluu ungekuwa oili inayoungua. Mweusi mwingi ungekuwa nozeli au pampu. Ikiwa inanguruma, mzee aliweka kifuniko cha oili juu ya tundu lake bila kukifunga. Kilitikisika, hakikurushwa. Kama pistoni zimechoka, upepo hutoka hapo ukikirusha kifuniko. Mwisho alipima mgandamizo wa silinda zote 4 kwa geji yake mwenyewe, aliyoibeba kutoka Mbarara ikiwa imefungwa kwa taulo. Alituambia tusiangalie ukubwa wa namba peke yake, tuangalie kama zote nne zinakaribiana. Zilikaribiana.

Tulidai vitu vitatu viandikwe kwenye risiti: namba ya injini, namba ya karatasi ya forodha, na muda wa wiki 2 wa kuirudisha ikishindwa. Muuzaji aliandika viwili vya kwanza haraka. Cha tatu kilimchukua robo saa. Aliandika siku 10.

Alitaka pia injini mbovu apewe kama sehemu ya bei. Mwalimu alikuwa tayari kukubali, lakini dereva, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Mzee, kwanza tutoe stata, alteneta na pampu. Stata ile niliifunga mpya mwezi wa tatu." Ilikuwa mara ya kwanza mwalimu kumsikiliza dereva wake kuhusu gari ambalo dereva huyo analijua kuliko mtu yeyote. Vikatolewa, na sasa viko katika ghala la mwalimu.

KULIFUNGA NA KULIENDESHA

Kufunga kulichukua siku 2. Mkanda wa taiming ulibadilishwa injini ikiwa bado chini, ingawa uliokuwepo ulionekana mzuri. Hakuna ajuaye umetembea kilomita ngapi, na katika injini hizi mkanda ukikatika valvu hupigana na pistoni na unarudi Kampala upya. Rejeta mpya, thamostati mpya, mipira mipya, dawa ya rejeta badala ya maji ya mtaroni. Mwalimu alilalamika kuhusu bei ya rejeta. Tukamwonyesha tena ile iliyopasuliwa, tuliyokuwa tumeihifadhi ofisini chini ya meza kwa ajili hiyo.

Kijana mmoja wa tawi alituuliza kwa nini watu wazima wanahangaika na moshi wakati Kiira Motors wanaunda basi la umeme, Kayoola. Tulimjibu kwamba siku tajiri mwenye gari moja atakapoweza kulinunua, tutaandika habari yake, na swali letu litakuwa lile lile: umeme atalipa nani?

Wiki ya kwanza 5L ilitumia lita 31 kwa siku, ya pili 30. Imezidi 3L kidogo, lakini dereva anasema mlimani anabadilisha gia mara chache. Alipofika Kabale mara ya kwanza fundi mmoja alitaka kuifungulia pampu zaidi ili ipate nguvu. Dereva alikataa. Huko juu hewa ni pungufu, ukiongeza dizeli unaongeza moshi mweusi na joto tu. Sasa kila asubuhi anaangalia maji na oili mbele ya kondakta na kuandika katika daftari, na mshale ukipita katikati ana ruhusa ya maandishi ya kusimamisha gari, abiria wakasirike wasikasirike. Mwalimu aliisaini ruhusa hiyo. Ni karatasi ya kwanza kati yao wawili katika muda wa miaka 6.

Namba mpya imekwisha kuandikishwa katika kadi.

Limebaki jambo moja. Tangu injini ilipokufa hadi gari liliporudi barabarani zilipita siku 17, na katika siku hizo dereva na kondakta hawakupata hata shilingi. Tulidai walipwe angalau nusu. Mwalimu anasema yeye pia hakupata kitu siku hizo, na ni kweli. Tumeketi naye mara mbili juu ya jambo hili, na mara zote mbili tumeachana kwa kupeana mikono bila kupatana. Kikao cha tatu kitafanyika baada ya mavuno, na kondakta naye ameomba kuwepo.